Gerty Cori, mwanamke aliyeifuata sukari mwilini

Mchukuzi anapopandisha gunia la mahindi mlimani, misuli yake hutumia sukari haraka kuliko hewa inavyoifikia. Mabaki ya sukari hiyo, yaani asidi ya laktiki, hayapotei. Huingia kwenye damu, hupelekwa kwenye ini, hugeuzwa tena kuwa sukari na kurudishwa misulini. Safari hiyo ya kwenda na kurudi ilielezwa mwaka 1929 na mume na mke, Carl na Gerty Cori, na hadi leo huitwa mzunguko wa Cori.

Gerty Theresa Radnitz alizaliwa Agosti 15, 1896 mjini Prague, uliokuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria. Baba yake, Otto, alikuwa mkemia na meneja wa viwanda vya kusafisha sukari. Kwa hiyo sukari ilikuwa riziki ya nyumba ile kabla haijawa kazi ya binti.

Alisomea udaktari, na huko ndiko alikokutana na Carl. Walihitimu na kuoana mwaka 1920. Ulaya ilikuwa imechoshwa na vita, chakula cha taabu, kazi hakuna. Mwaka 1922 Carl alitangulia Buffalo, Marekani, na mkewe akamfuata miezi sita baadaye.

Kule walipokelewa, lakini si kwa usawa. Katika taasisi ya Buffalo, Gerty alitishiwa kufukuzwa kama hangeacha kufanya utafiti na mumewe. Hakuacha. Chuo kimoja kilimtaka Carl kwa sharti amwache mkewe nje ya maabara. Carl akakataa kazi. Mwaka 1931 walihamia Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis. Carl alipewa uongozi wa idara, Gerty akawa mtafiti msaidizi kwa malipo ya sehemu moja ya kumi ya mshahara wa mumewe, ingawa kazi walifanya pamoja. Mfanyabiashara yeyote angeiita hesabu hiyo wizi.

Mwaka 1936 waligundua, katika misuli ya chura, umbo la sukari ambalo mwili hulipitia unapovunja glikojeni, ile akiba ya sukari iliyohifadhiwa kwenye ini na misuli. Baadaye wakakipata kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo. Gerty alipata uprofesa kamili mwaka 1947, mwaka uleule walipopewa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Bernardo Houssay wa Argentina. Hakuna mwanamke aliyewahi kuipata tuzo hiyo ya tiba kabla yake.

Lakini kabla ya safari ya kwenda Stockholm aligundulika kuwa na ugonjwa wa uboho, usio na dawa. Aliishi nao miaka kumi, akiongezewa damu mara kwa mara, na ni ndani ya miaka hiyo alipofanya kazi inayowagusa wazazi wengi zaidi.

Kulikuwa na watoto waliozaliwa wazima kwa kuwatazama, kisha ini likavimba, tumbo likatuna, na wakikaa saa chache bila kula, sukari ya damu ikashuka hata kuwatia degedege. Ini lao lilikuwa limejaa akiba. Mwaka 1952 Gerty na Carl walipima vipande vya maini ya wagonjwa wa namna hiyo na kukuta kwamba kimeng'enya cha mwisho, kinachoifungulia sukari itoke kwenda kwenye damu, hakifanyi kazi. Ghala limejaa, mlango haufunguki, mtoto anakufa njaa nje yake. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa wa kurithi wa ini kuonyeshwa kwamba chanzo chake ni kasoro ya kimeng'enya kimoja. Gerty akaendelea, akaonyesha kwamba kilichodhaniwa ni ugonjwa mmoja kilikuwa magonjwa kadhaa, kila moja na kimeng'enya chake.

Alifariki Oktoba 26, 1957, akiwa na umri wa miaka 61. Maabara yao ilikuwa imepitiwa na watafiti sita waliopata Nobel kwa wakati wao.

Tiba ya watoto wale ilikuja baadaye, miaka ya 1980, na ni kitu cha dukani: wanga wa mahindi usiopikwa, unaokorogwa kwenye maji na kunywewa kwa saa maalumu, hata usiku. Wanga huo humeng'enywa polepole, sukari ikaingia kwenye damu kidogo kidogo mpaka mlo unaofuata.