Jenerali Sosabowski: aliyebebeshwa kosa la wakubwa

Huku kwetu mashariki tumeshaona maaskari wa inchi nyingi wakitumwa pamoja. Kazi ikiharibika, kila mtu anauliza: kosa ni la nani? Swali hilo lilimfuata jenerali mmoja wa Poland mpaka kufa kwake.

Stanisław Sosabowski alizaliwa mwaka 1892. Wajerumani waliposhambulia Poland mwaka 1939, alipigana kulinda mji mkuu, Warsaw. Mji ulipoanguka alikamatwa, akatoroka, akafika Ufaransa, halafu Uingereza. Kule Scotland, mwaka 1941, aliunda brigadi ya maaskari wa parashiti. Lengo lao lilikuwa moja: siku moja washuke Warsaw, wasaidie watu wao.

Lakini parashiti inaomba ndege, na ndege zilikuwa za wengine. Mwaka 1944 brigadi iliwekwa chini ya amri ya Waingereza. Mwezi wa nane, Wamarekani, Waingereza na Wapoland waliunganishwa katika jeshi moja la angani. Mkubwa alikuwa Mmarekani Brereton, msaidizi wake Mwingereza Browning. Mwezi uleule Warsaw ikaamka kupigana. Brigadi haikutumwa kule.

Ilitumwa Uholanzi, mwezi wa tisa, kusaidia kukamata madaraja mpaka Arnhem, kwenye mto Rhine. Sosabowski alionya mapema kwamba mpango huo unadharau nguvu ya Wajerumani. Hawakumsikiliza. Waingereza walishuka tarehe 17, mbali na daraja. Ukungu ulichelewesha Wapoland siku mbili. Tarehe 21 wakashuka Driel, ng'ambo ya pili ya mto, na ndege zingine zilirudi na watu wao. Kivuko hakikuwepo tena. Walivuka usiku kwa vimashua, chini ya risasi, na karibu 200 tu njo waliwafikia Waingereza waliozungukwa.

Kazi iliposhindikana, Browning aliandika barua ya kumlaumu Sosabowski. Mwezi wa kumi na mbili akaondolewa kwenye brigadi aliyoiunda mwenyewe. Baada ya vita, muzee huyo alifanya kazi ya kawaida katika kiwanda kule London, akafa mwaka 1967.

Mwaka 2006, miaka 39 baadaye, Uholanzi ilimpa medali ya ushujaa, na brigadi yake pia ikapewa heshima. Haki ilifika, ila yeye hayuko.