Watu wa Miti: Maisha ya St. Barbe Baker, aliyetaka kulizuia jangwa

Chama kimoja cha kupanda miti kilichoenea katika nchi nyingi duniani kilizaliwa na jina la Kiswahili: Watu wa Miti. Hakikuanzia London wala Geneva. Kilianzia Muguga, nje kidogo ya Nairobi, Julai 22, 1922, kwenye uwanja wa ngoma. Mwanzilishi wake, Richard St. Barbe Baker, alikuwa afisa misitu Mwingereza. Kwa miaka 60 iliyofuata alizunguka dunia akihubiri jambo moja: jangwa haliletwi na jua peke yake. Mara nyingi huletwa na mikono ya watu, na mikono hiyohiyo inaweza kulizuia.

Kwa mfanyabiashara wa Majanji, habari hii inaweza kuonekana ya mbali. Majanji ipo ufukoni mwa Ziwa Victoria, wilayani Busia, Uganda, na Kenya ipo ng'ambo tu. Maji yamejaa, dagaa wameanikwa juani, na mwisho wa wiki watu hutoka mjini kuja kupunga upepo mchangani. Ukiwa umesimama hapo ni vigumu kufikiria jangwa. Lakini samaki wa kubanika hawabaniki bila kuni, na mbao na makaa ni miongoni mwa bidhaa zinazovuka mpaka. Kila gunia la makaa lilikuwa mti mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo ni pakavu kuliko Majanji. Biashara ya namna hiyo ndiyo iliyomshughulisha Baker maisha yake yote.

Mtoto wa kitalu

Alizaliwa Oktoba 9, 1889, katika kijiji cha West End karibu na Southampton, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa na kitalu cha miche, hivyo Baker alijifunza kuotesha mbegu tangu utotoni. Akiwa bado mdogo aliwahi kuingia peke yake katika msitu wa karibu na kwao, na alipokuwa mzee alisimulia kwamba furaha ya siku ile ndiyo iliyompa mwelekeo wa maisha.

Akiwa na umri wa miaka 20 hivi alihamia Kanada, akapata shamba karibu na Saskatoon na kusoma katika chuo kikuu kilichokuwa kipya wakati huo. Huko aliona jambo ambalo hakulisahau. Walowezi walikuwa wanang'oa vichaka na miti ili kulima ngano, na baada ya miaka michache upepo ukaanza kupeperusha udongo wa juu. Alifanya pia kazi ya kukata magogo, akaona jinsi miti mingi ilivyoharibiwa bure. Alirejea Uingereza, akapigana katika Vita Kuu ya Kwanza na kujeruhiwa, kisha akasomea misitu Cambridge.

Mwaka 1920 aliletwa Kenya akiwa msaidizi wa mhifadhi wa misitu.

Ngoma ya miti

Katika Nyanda za Juu za Kenya alikuta misitu ya mierezi na mizeituni mwitu inafyekwa kwa kasi. Wazungu walikuwa wamechukua ardhi kubwa kwa ajili ya mashamba yao. Wakikuyu waliobanwa katika maeneo waliyotengewa walilazimika kulima palepale mwaka hadi mwaka, na kusafisha msitu kila udongo ulipochoka. Serikali ya kikoloni ilimtaka Baker atunze misitu, lakini haikumpa fedha za kutosha kupanda mingine.

Alikwenda kwa wazee kuomba msaada. Wazee walimjibu kwamba kupanda miti ni kazi ya Mungu, kwa kuwa miti siku zote ilijiotea yenyewe. Afisa mwingine huenda angeandika amri na kuweka faini. Baker alitazama namna watu wenyewe walivyoyapa mambo yao uzito. Aliona kuwa Wakikuyu walikuwa na ngoma ya kupanda maharage na ngoma ya mavuno, lakini hawakuwa na ngoma ya miti. Akatangaza ngoma. Zawadi zilikuwa fahali aliyenona kwa kijana wa vita aliyejipamba vizuri kuliko wote, na shanga kwa msichana mrembo kuliko wote.

Siku ilipofika walijitokeza vijana wapatao 3,000. Baada ya ngoma Baker aliwaeleza hatari ya nchi kubaki bila miti, kisha akaomba watu wa kujitolea. Hamsini kati yao wakawa wa kwanza kula kiapo. Waliapa mbele ya Ngai kwamba kila mmoja atapanda miti 10 ya asili kila mwaka na kuitunza miti popote itakapokuwa. Wakaitwa Watu wa Miti.

Baker hakuwa peke yake. Mwenzake mkubwa alikuwa Chifu Josiah Njonjo, baba wa Charles Njonjo aliyekuja kuwa mwanasheria mkuu wa kwanza wa Kenya huru. Bila sauti ya Njonjo, huenda maneno ya mgeni yasingekwenda mbali. Leo makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, yapo Muguga hiyohiyo.

Inasimuliwa kwamba siku moja Baker aliingia kati afisa mwenzake alipotaka kumpiga Mwafrika, na pigo likamwangukia yeye. Hata hivyo historia haina budi kusema na upande wa pili. Alikuwa mtumishi wa serikali iliyonyang'anya watu ardhi, naye aliwaomba watu waliopunguziwa mashamba wapande miti. Ngoma na kiapo havikurudisha ekari hata moja. Mtu asiye na uhakika wa ardhi yake hupanda mti akijua huenda kivuli chake kitamfaa mwingine.

Kutoka Muguga hadi Sahara

Mwaka 1924 alianzisha tawi la chama hicho Uingereza, kwa jina lililotafsiriwa kutoka Kiswahili. Kisha alifanya kazi ya misitu Nigeria, na mwaka 1929 akaenda Palestina, ambako aliwakutanisha viongozi wa Kiislamu, Kiyahudi na Kikristo waunge mkono upandaji miti pamoja. Baadaye alikwenda Marekani kutetea miti mikubwa ya California isikatwe.

Safari iliyolitangaza zaidi jina lake ilifanyika 1952 na 1953. Akiwa na umri wa miaka 63 aliongoza msafara wa gari kukatiza Sahara na kuendelea hadi Afrika ya Ikweta, mwendo wa maili zipatazo 9,000. Alitaka kujua kwa macho yake jangwa linaanzia wapi, na pembeni mwake kunafanyika nini. Aliona maeneo ambako zamani palikuwa na miti, na jamii zinazoendelea kukata ile michache iliyosalia kwa kuni na malisho. Hapo ndipo alipotoa pendekezo lake: nchi zinazolizunguka jangwa zishirikiane kupanda ukanda wa miti wenye upana wa kilomita kama 50. Mwaka 1964 aliizunguka tena Sahara, akiwaendea viongozi wa mataifa mapya ya Afrika kuwashawishi.

Wengi walimwona mtu wa ndoto. Lakini mwaka 2007 Umoja wa Afrika ulianzisha Ukuta Mkuu wa Kijani, mradi unaohusisha nchi 11 kutoka Senegal hadi Djibouti kwa urefu wa kilomita zipatazo 8,000.

Baker hakuwa sahihi katika kila kitu. Alilifikiria jangwa kama jeshi linalosonga mbele kwa mstari mmoja, ambalo linaweza kusimamishwa kwa ukuta. Wanasayansi wa baadaye walionyesha kuwa pembe za Sahara hupanuka na kurudi nyuma kadiri mvua inavyobadilika, na kwamba ardhi hufa vipande vipande, hasa pale inapotumiwa kupita kiasi. Mstari wa miche iliyopandwa mbali na watu, bila mtu wa kuimwagilia wala kuilinda na mbuzi, hukauka. Ndiyo maana hata Ukuta Mkuu wa Kijani umebadilishwa: sasa ni mkusanyiko wa mashamba, malisho na misitu midogo inayotunzwa na wenyeji.

Mfano mzuri unatoka Niger. Tangu miaka ya 1980 wakulima wa huko wamerudisha miti katika hekta zipatazo milioni 5, kwa sehemu kubwa bila kupanda mche. Waliacha tu visiki vilivyokuwa bado hai vichipue, wakavipunguza matawi na kuvilinda. Dodoma, Tanzania, njia hiyo inajulikana kwa jina la Kisiki Hai. Hapo Baker alikosea kuhusu ukuta, lakini hakukosea kuhusu watu. Miti iliyosalimika ni ile yenye wenyewe.

Mzee juu ya farasi

Baker hakuwahi kuwa tajiri. Aliandika vitabu, akatoa mihadhara, na fedha alizopata zikarudi kwenye miti. Baada ya ndoa yake ya pili, mwaka 1959, alihamia New Zealand. Mwaka 1963, akiwa na zaidi ya miaka 70, alipanda farasi na kusafiri maili zipatazo 1,200 nchini humo, akisimama kwenye shule kuwaeleza watoto habari za miti. Mwaka 1978 Uingereza ilimtunukia nishani ya OBE.

Juni 1982 alirudi Saskatoon, mji wa ujana wake. Siku ya Mazingira Duniani, Juni 5, alipanda mti katika chuo kikuu alichosomea. Ulikuwa wa mwisho. Siku nne baadaye, Juni 9, alifariki akiwa na umri wa miaka 92, na akazikwa palepale. Chama alichokianzisha kwa sasa kinaitwa International Tree Foundation, na kinafanya kazi na vikundi vya wanavijiji Kenya na Uganda pia.

Hesabu ya Majanji

Baker aliamini nchi iliyopoteza miti hadi ikabaki chini ya theluthi moja ya ardhi yake ipo hatarini. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaka serikali ifikie angalau asilimia 10, na mwishoni mwa 2022 nchi hiyo ilitangaza lengo la kufika asilimia 30 ifikapo 2032. Theluthi ya Baker, iliyowahi kuonekana ndoto, sasa inakaribiana na mpango wa serikali.

Lakini wafanyabiashara wanajua jambo ambalo mipango mingi huliacha: katazo la upande mmoja huwa soko la upande wa pili. Februari 2018 Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na macho ya wanunuzi yakageukia zaidi ng'ambo ya mpaka. Mei 2023 Uganda nayo ikapiga marufuku biashara ya makaa yanayotoka maeneo ya kaskazini, ambako ni pakavu na mti huchukua miaka mingi kukua. Mkwaju, mgunga na mti wa shea vikikatwa huko, aliyefyeka hupata fedha mara moja, na mwenyeji hubaki bila kivuli, bila tunda na bila lishe ya mifugo. Karibu na nyumbani, msitu wa hifadhi wa West Bugwe ulio kati ya Tororo na Busia nao umeliwa sana na makaa na mashamba.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na miti ni mali. Mchuuzi anayeandika bei ya kila gunia lakini hajui lilipotoka, daftari lake lina ukurasa mmoja tu. Bidhaa ikiisha kaskazini, bei itapanda Busia na Malaba, na mbanikaji samaki wa Majanji atakuwa wa kwanza kuumia.

Kiapo cha Muguga bado kinahesabika. Kikundi cha kuweka akiba chenye wanachama 30, kila mmoja akipanda miti 10 kwa mwaka, hupata miti 300. Baada ya miaka mitano ni 1,500. Hiyo haitoshi kulizuia jangwa, lakini ikitunzwa inaweza kuwa mwanzo wa shamba la kuni la kubanikia samaki, na ni mzigo usiohitaji kibali cha kuvuka mpaka. Watu wa Miti wa kwanza walikuwa 50 tu, nao hawakusubiri fedha za serikali. Walianza kwa ngoma, wakaapa mbele ya majirani zao, na ahadi ya kila mmoja ikawa inajulikana na wote.