Vitu Jomo Kenyatta Hangeweza, na Zenye Hakutaka

Ukipanda mat ya Thika kutoka tao, cheki vizuri. Hapo Kahawa unapita KU. Ukishavuka Ruiru unapata JKUAT pale Juja. Ukishuka Thika unatembea Kenyatta Highway. Hiyo safari yote ni jina la buda mmoja, na wengi wetu tunamjua tu kwa noti za kitambo.

Lakini kuna kitu kingine alituachia, na hakiko kwa kibango chochote. Thika Level 5 ikikosa dawa leo, msee anamtusi rais, na hiyo hospitali imekuwa ya kaunti ya Kiambu tangu 2013. Unga ikipanda, rais. Mvua ikikataa, karibu tuseme pia ni rais. Hii tabia ya kumngoja mtu mmoja atatue kila kitu ilianza na Jomo, hata kabla akuwe rais.

Rudi nyuma kidogo. Alizaliwa miaka ya 1890 huko Ng'enda, Gatundu, akiitwa Kamau wa Ngengi. Siku kamili ya kuzaliwa hakuna mtu aliandika. Mwaka wa 1909 aliingia misheni ya Thogoto, akasoma na akafunzwa useremala, na 1914 akabatizwa Johnstone. Kazi yake ya kwanza nje ya misheni, shika hii vizuri, ilikuwa Thika. Alifanyia mzungu injinia anaitwa John Cook, na jobo moja yake ilikuwa kutumwa benki Nairobi akalete mishahara ya wafanyakazi. Kilomita 40 hivi na doo za wenyewe. Akagonjeka, akaacha. Vita Kuu ya Kwanza ikawaka, vijana wakawa wanashikwa kubeba mizigo ya jeshi, yeye akahepa akaenda kukaa na Wamaasai huko Narok. Baadaye aliajiriwa na manispaa ya Nairobi kwa idara ya maji, chini ya yule yule Cook. Rais wa kwanza wa Kenya alikuwa anazunguka akisoma mita za maji.

Siasa ilimpata kupitia ardhi. Chama cha KCA kilimpa kazi ya katibu 1928, na 1929 kikamtuma London kulilia mashamba ya Wakikuyu. Alirudi mwaka uliofuata, akaenda tena 1931, na hiyo mara ya pili alikaa miaka 15. Akasoma, akaandika kitabu, akaoa huko, na ardhi haikurudi. Hiyo sehemu watu huisahau: maisha yake mengi alikuwa mtu wa kuandika barua kwa wakubwa na kungoja jibu.

Alirudi 1946. Ukiangalia kutoka Ruiru hadi Thika hizo siku, kahawa ni ya mzungu, mkonge ni wa mzungu, na mwenye babu yake alilima hapo anachuma kwa mshahara wa sarafu. Mau Mau ikaanza. Oktoba 20, 1952 Jomo akashikwa, akapelekwa Kapenguria kortini, kisha Lokitaung huko jangwani. Akakaa ndani na kizuizini karibu miaka tisa.

Na sasa hapa ndio stori inakuwa noma. Mtu akiwa amefungiwa mbali, haongei, haonekani, kila mtu anamjaza na ndoto zake. Kwa vijiji na mashamba ya Kiambu na Murang'a, uhuru ulikuwa unamaanisha Jomo akitoka mashamba yanarudi bure, kodi inakwisha, watoto wanasoma bila karo. Alipofika Gatundu Agosti 1961, umati ulikuwa umemngoja kama mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Nani angeweza kutosha hiyo?

Twende kwa mavitu zenye hangeweza. Juni 1963 alikuwa waziri mkuu, na malkia wa Uingereza bado ndiye alikuwa kichwa cha nchi. Katiba ilikuwa imeandikiwa Lancaster House London, na ilisema shamba la mtu halichukuliwi bila fidia. Majimbo yalikuwa yamepewa mamlaka yao, ardhi ikiwemo. Serikali haikuwa na ganji ya kununua hayo mashamba, kwa hivyo ilikopa Uingereza na Benki ya Dunia. Hata jeshi halikuwa limetulia. Januari 1964, hata miezi miwili haijaisha tangu uhuru, wanajeshi wa Lanet, Nakuru, waliasi, na Jomo akalazimika kuita askari wa Uingereza wamsaidie. Imagini, wale tulikuwa tumewafukuza juzi.

Ile skimu ya ekari milioni moja ikakuja na takriban familia 35,000 zikapata mahali. Lakini haikuwa ya bure. Ulipewa shamba pamoja na deni la miaka mingi, unalipa pole pole kwa shamba lenye unaamini lilikuwa la guka wako. Msee alipigana msituni, akatoka, akapewa bili.

Huyo ndio uchungu Bildad Kaggia alibeba. Kandara, kwenye alikuwa mbunge, si mbali na Thika. Alikuwa amefungwa na Jomo Kapenguria, hawa wawili walikula ugali ya jela pamoja. Kaggia akasema maskini wapewe mashamba bila kulipa, na 1964 akatoka kwa serikali. Mwaka uliofuata Jomo alienda Kandara mkutanoni, akamchambua mbele ya watu wake: wenzako wa jela wameomoka, wako na mashamba na biashara, wewe umejifanyia nini? Kaggia akaingia KPU, na uchaguzi wa 1966 akapoteza kiti.

Sasa fikiria hilo swali tena. Kutolipa Waingereza, Jomo hangeweza bila kuvunja katiba na mikopo yenye alikuwa ametia sahihi. Sawa. Lakini kuamua shamba likishanunuliwa linaendea nani, hiyo aliweza. Desemba 1964 alikuwa rais. Majimbo yakanyongwa, Seneti ikafutwa, na 1966 ikaja sheria ya kumfungia mtu bila kesi. Nguvu ziliongezeka kila mwaka na maskwota wakabaki maskwota, huku jamaa zake na wazito wa serikali wakijikatia mashamba makubwa. Ripoti ya TJRC ya 2013 iliongelea hiyo mambo. Kwa maoni yangu, ile imani ya wananchi kwamba rais anaweza kila kitu ndiyo ilimfichia. Lenye hakutaka lilipita hapo katikati ya yale hangeweza, na hakuna mtu aliuliza tofauti.

Watu wa kawaida wakajipanga wenyewe. Walichanga hisa kwa kampuni za kununua mashamba, wakanunua estate za wazungu waliokuwa wanatoka, wakagawana. Ruiru yenye unaijua, ya ploti na maghorofa hadi pale Githunguri Ranching, mingi ilitoka kwa hiyo michango. Wengine walipata ploti. Wengine walizeeka na risiti mkononi.

Karo nayo? Desemba 1973 Jomo alitangaza darasa la kwanza hadi la nne ni bure. Tamko moja tu. Januari 1974 karibu watoto milioni moja zaidi wakaingia shule, na hakukuwa na madarasa wala walimu wa kutosha. Shule zikaanza kuitisha pesa za ujenzi, na kwa wazazi wengi hizo pesa zilizidi ile karo ilifutwa.

Jomo alikufa Mombasa, Agosti 22, 1978, akazikwa karibu na Bunge. Moi akaingia, akafuta hizo pesa za ujenzi, akaletea watoto maziwa ya shule. Pale Gatundu kwenye wajumbe walikuwa wakipanga foleni na zawadi na shida zao, kulinyamaza. Foleni ilihamia Kabarak.