Kabla ya Barafu ya Antaktika, Vivian Fuchs Alipoteza Wasee Wawili Kwa Kisiwa cha Turkana

Kama uko Kericho ama Bomet saa hii, kuna chansi kubwa unanyeshewa. Chai ni kijani mpaka macho inachoka, na ukipita shambani viatu zinarudi home na udongo mwekundu. Huo udongo ulikuwa mawe ya volkeno kitambo sana, yakaoza polepole. Sasa chukua hiyo picha, toa mvua, toa majani chai, toa watu, bakisha tu mawe meusi katikati ya maji. Umefika visiwa vya Ziwa Turkana.

Siku hizi ukiwa na doo kidogo unapelekwa huko na boti, kutoka upande wa Kalokol hadi Kisiwa cha Kati. Ni kadogo, kama kilomita 5 za mraba hivi, lakini juu yake kuna mashimo ya volkeno yaliyojaa maji. Moja lina mamba, lingine flamingo, lingine tilapia. Mamba hutaga mayai hapo, na ndege wanaotoroka baridi ya Ulaya hupumzika hapo. Wewe unapiga picha, unarudi, unapost. Lakini kabla upost, jua habari ya msee mmoja aliyekuja kwa hilo ziwa akiwa na miaka 26.

Anaitwa Vivian Fuchs. Ndio, Vivian, na ni mwanaume, usianze. Marafiki zake walimwita Bunny, yaani sungura, kwa hivyo kwa majina jamaa hakubahatika. Alizaliwa Uingereza mwaka 1908, babake akiwa mhamiaji Mjerumani. Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza, huyo mzee alifungiwa kambini kwa sababu tu ya alikotoka. Kijana akasomea mawe Cambridge, na mwaka 1929 akaenda Greenland kuonja barafu. Ungedhani angebaki huko. Wapi! 1930 akaletwa Afrika Mashariki na watafiti waliokuwa wanachunguza maziwa yetu, na 1931 akawa Olduvai na Louis Leakey. Bonde la Ufa likamteka mazima.

Mwaka 1934 akarudi, sasa yeye ndiye mkubwa wa safari. Ziwa wakati huo liliitwa Rudolf. Jina Turkana lilikuja rasmi 1975.

Hapa wacha nikukumbushe kitu ambacho watu wa Kericho hawahitaji kukumbushwa. Huo mwaka huohuo wa 1934, serikali ya mkoloni ilitunga sheria ya kufukuza ukoo wa Talai kutoka Kericho. Mamia ya watu, na watoto wao, wakasukumwa hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Kwa hivyo vijana wa Cambridge walikuwa huru kuzunguka nchi yote wakipima mawe, na mwenye nchi anaambiwa ahame kwake. Fuchs hakutunga hiyo sheria. Lakini alisafiri ndani ya hiyo dunia, na stori yake bila hiyo ni nusu.

Sasa, kisiwa. Kusini mwa ziwa kuna kikubwa zaidi kinaitwa Kisiwa cha Kusini, mgongo wa volkeno unaotoka majini. Upepo wa huko, buda, si wa kupeperusha kofia tu. Unashuka kutoka upande wa Mlima Kulal na kugeuza ziwa kuwa bahari yenye hasira. Wasee wa Fuchs wawili, Martin na Dyson, walivuka mwezi Julai na boti ndogo kwenda kukipima. Martin alikuwa mpima ramani, Dyson daktari. Walikuwa wamekubaliana na wenzao wa ng'ambo kwamba wakiwa salama watawasha moto usiku. Moto ukaonekana. Wenzao wakalala na amani.

Halafu ukakosa kuonekana tena.

Siku walizosema watarudi zikapita. Fuchs hakuwa na boti ingine ya kuwafuata, na hapo ndipo hii stori huniuma. Unaona kisiwa na macho yako, unajua watu wako wako huko, na huwezi kufika. Ndege ikaletwa kuzunguka kisiwa, haikuona mtu. Baadaye vitu vikaokotwa ufuo wa magharibi, mbali sana kaskazini: makasia, madebe na kofia. Miili haikuwahi kupatikana mpaka leo. Ni boti ilipinduka? Ni mamba? Chagua yako, ziwa halijasema.

Fuchs alimaliza kazi. Alipata digrii ya udaktari 1937 kwa utafiti wa mawe ya Bonde la Ufa, kisha akaenda Ziwa Rukwa, Tanganyika. Baada ya vita ya pili akahamia Antaktika, na huko ndiko dunia ilimjua. Kuanzia Novemba 1957 hadi Machi 1958 aliongoza timu ya kwanza kuvuka hilo bara lote kwa ardhi, siku 99, kama kilomita 3,470. Edmund Hillary, yule wa Everest, alimfikia upande wa pili kwa Ncha ya Kusini, na kabla ya hapo alikuwa amemshauri kwa redio aachie safari hapo, baridi kali inakuja. Fuchs akakataa, akasonga, na wote wakafika hai. Malkia akampa cheo cha Sir. Wengi husema huo ulikuwa ukichwa ngumu. Mimi nadhani mtu aliyewahi kungoja moto usioonekana alijua hesabu ya hatari kuliko waliokuwa wanampigia kelele. Alikufa Novemba 1999, akiwa na miaka 91.

Ukitaka kufika, kutoka Kericho unapanda Eldoret, Kitale, Kapenguria, halafu unashuka Lodwar ambako sweta yako ya Kericho itakuwa mzigo. Kisiwa cha Kati ndicho watu hupelekwa. Cha Kusini nacho ni mbuga ya taifa, lakini wachache sana hufika. Ukisimama Loiyangalani unakiona vizuri, na ukiuliza mwenye boti kama mnaweza kuvuka leo, kwanza ataangalia upepo.