Livingstone na sanduku la dawa

Jina la David Livingstone tunalijua sisi wote, lakini wengi tunasahau kama alikuwa munganga. Alizaliwa Scotland mwaka 1813, akafika Afrika mwaka 1841.

Wakati ule mzungu aliyekaa sana katika nchi za joto aliogopa homa kuliko simba. Livingstone alitengeneza vidonge vyake mwenyewe: kinini (jina ambalo kwetu tunapa kila kidonge!) pamoja na dawa za kusafisha tumbo. Katika safari ya Zambezi, mwaka 1858, wazungu wake walikunywa kinini kila siku ili wasipate homa. Baadaye akaona haizuii, akaitumia kwa kuponya tu. Mwaka 1862 bibi yake Mary alimfuata huko. Hata miezi tatu haikwisha, homa ikamuua pale Shupanga, munganga mwenyewe akiwa kando ya kitanda. Kumbe hakuna aliyejua ni mbu wanaoleta malaria. Ronald Ross aliona vijidudu vyake ndani ya mbu mwaka 1897 tu.

Mwezi wa kwanza 1867 mpagazi alikimbia na sanduku lake la dawa. Tunafikiri mtu mwingine angerudi. Yeye akaendelea bila kinini, akaingia Maniema kwetu, akafika Nyangwe mwaka 1871, mgonjwa. Mwaka ule ule, Ujiji, Stanley alimletea dawa, lakini mwili ulikuwa umekwisha kuchoka. Akafa katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, mwezi wa tano 1873.