Dennis Ritchie na Namba ya Sanduku

Dennis Ritchie alizaliwa tarehe 9 Septemba 1941 mjini Bronxville, katika jimbo la New York, Marekani. Baba yake alikuwa mtaalamu katika maabara za Bell, na mwana naye aliingia huko mwaka 1967, baada ya kusoma fizikia na hisabati katika Chuo Kikuu cha Harvard.

Mwenzake, Ken Thompson, alitunga lugha ya kuagizia kompyuta iitwayo B. Katika lugha hiyo namba ile ile iliweza kuwa hesabu ya kawaida, ama kuonyesha mahali katika kumbukumbu ya mashine. Ilipofika mashine ya PDP-11, iliyogawa kumbukumbu yake kwa vipande vidogo zaidi, utaratibu huo haukufaa. Kati ya mwaka 1971 na 1973 Ritchie aliigeuza B ikawa lugha ya C, ambamo kila kielekezi hutajwa kinaelekeza kitu cha aina gani.

Kielekezi ni nini? Mwalimu na alipeleke darasa lake posta. Karatasi yenye namba ya sanduku si barua. Ni njia ya kuifikia barua. Ukimnakilia mwenzako namba hiyo, hamjapata barua mbili: nyote mwafungua sanduku moja, na akibadili kilichomo, nawe utayakuta mabadiliko. Ukikosea namba, utafungua sanduku la mtu mwingine, na mara nyingi C haitakuzuia. Wanafunzi wengi hukwama hapa, kwa kuchanganya namba na barua.

Katika kitabu alichokiandika na Brian Kernighan mwaka 1978, vielekezi vilingojea hadi sura ya tano. Mwanafunzi alikwisha kuandika programu ndogo nyingi kabla ya kuvifikia. Walimu wanaoanza na sura ngumu ili waonekane wajuzi wangefaa kuutazama mpango huo.

Ritchie na Thompson walipewa Tuzo ya Turing mwaka 1983. Miaka kumi baadaye, akiandika historia ya C, Ritchie alikiri kwamba uhusiano wa vielekezi na safu za vitu, pamoja na namna ya kuvitangaza, huwakwaza wanaoanza. Alikiri pia kwamba kule kuweka alama ya kinyota mbele ya jina kulizidisha ugumu. Hakuwatupia wanafunzi lawama.

Alifariki mwezi Oktoba 2011, akiwa na umri wa miaka 70.