Cousteau na mtungi uliojaribiwa mtoni

Siku hizi mtu anaweza kuogelea katikati ya papa bila kukanyaga ufuo wowote. Kule Dubai Mall, mji ambao ndugu zetu wengi wa Mombasa na Lamu wamekwenda kutafuta riziki, kuna tangi la samaki lenye lita milioni 10 za maji. Mgeni hulipa, hupewa mafunzo, huvishwa mtungi wa hewa mgongoni na kuteremshwa ndani, huku watu waliokuja kununua viatu wakimtazama kupitia kioo. Cape Town nako, katika Two Oceans Aquarium, mgeni mwenye cheti cha kuzamia huruhusiwa kuingia majini pamoja na samaki.

Kifaa kinachomwezesha mgeni huyo kuvuta pumzi chini ya maji hakikuzaliwa baharini. Kilianzia kiwandani, kikajaribiwa mtoni. Ndiyo sababu nimeona leo nisimulie maisha ya Jacques-Yves Cousteau, na hasa niwasimulie wenzetu wa Thika na Ruiru, ambao husema mambo ya bahari ni ya watu wa Pwani na wao hayawahusu.

Cousteau alizaliwa tarehe 11 Juni 1910 huko Saint-André-de-Cubzac, mji mdogo wa Ufaransa karibu na Bordeaux. Mwaka 1930 aliingia chuo cha jeshi la majini, lakini ndoto yake ilikuwa kurusha ndege. Mwaka 1936 alipata ajali mbaya ya gari iliyomvunja mikono, na ndoto ya urubani ikaishia hapo. Akapelekwa Toulon, pwani ya kusini, na huko akawa anaogelea ili mikono ipate nguvu. Rafiki yake, ofisa mwenzake Philippe Tailliez, alimpa miwani ya kuogelea. Alipoinamisha uso majini na kuona mwani na samaki waziwazi, maisha yake yakageuka. Mwaka uliofuata alimwoa Simone Melchior, wakajaliwa watoto wawili wa kiume, Jean-Michel na Philippe.

Shida iliyomsumbua ni ile inayomjua kila mpiga mbizi wetu wa Kizingitini au Shimoni: pumzi ni fupi. Wazamiaji wa zamani walivaa kofia zito la chuma na kupelekewa hewa kwa mpira kutoka juu, wakawa kama mbuzi aliyefungwa kamba. Wafaransa wengine walikuwa wameshajaribu mitungi kabla yake, lakini hewa ilitoka mfululizo na kwisha upesi. Cousteau alitaka vali inayotoa hewa pale tu mtu anapovuta, na kwa kipimo kinacholingana na kina alichofika.

Baba mkwe wake alikuwa mkubwa katika kampuni ya gesi ya Air Liquide, na kupitia huko akakutanishwa na mhandisi aitwaye Émile Gagnan mwishoni mwa 1942. Vita vilikuwa vimepamba moto, Wajerumani wameikalia Ufaransa, na petroli ilikuwa adimu. Gagnan alikuwa ametengeneza vali ndogo ya kuwezesha magari kutumia gesi badala ya petroli. Wakakaa chini, wakaibadilisha vali ile ya gari iwe ya binadamu.

Mwanzoni mwa 1943 waliipeleka kwenye mto Marne, karibu na Paris, kuijaribu. Cousteau alipolala kifudifudi majini ilifanya kazi. Aliposimama wima hewa ilivuja ovyo, na alipogeuka kichwa chini ikakataa kutoka. Wakarudi kiwandani, wakasogeza tundu la kutolea pumzi likawa karibu na la kuingizia, na tatizo likaisha. Mwezi Juni mwaka huohuo akazama nayo baharini huko Bandol, Simone akiogelea juu kumwangalia na rafiki yao Frédéric Dumas akisubiri tayari kumsaidia. Vali ya mgeni wa Dubai leo inatumia kanuni hiyohiyo.

Hapo ndipo namwomba kijana wa Thika asimame kidogo. Thika ni mji wa viwanda, umekaa penye mito ya Chania na Thika. Ruiru nayo ina viwanda vyake na mto wenye jina lake. Vali ya kuzamia ilitoka kwa fundi wa gesi mjini na ikakosolewa na maji ya mto. Aliyesema bahari ni ya waliozaliwa ufuoni hajui kazi hiyo ilivyofanyika.

Kifaa hicho hakikuwa mchezo. Mwaka 1947 Maurice Fargues, mwenzao katika kikosi cha uzamiaji cha jeshi, alijaribu kwenda chini zaidi ya wote, akafa akiwa na mtungi mgongoni. Hatari kama hiyo ndiyo sababu mgeni leo husomewa masharti kabla hajaguswa na maji.

Mwaka 1950 tajiri mmoja wa ukoo wa Guinness alinunua meli iliyokuwa ya kutegua mabomu ya baharini wakati wa vita, akamkodishia Cousteau kwa faranga moja kwa mwaka. Meli hiyo ndiyo Calypso. Ilianza na Bahari ya Shamu, kisha ikaja Bahari ya Hindi, ikapiga picha katika visiwa vya Ushelisheli. Filamu iliyotoka 1956, aliyoitengeneza pamoja na Louis Malle, ilishinda tuzo kuu ya Cannes na pia tuzo ya Oscar. Watu wa bara zima, ambao bahari walikuwa wakiiona kwa juu tu, wakaona ilivyo ndani.

Lakini filamu hiyohiyo ina mambo yanayouma kutazama. Watu wa Calypso walilipua mwamba kwa baruti ili wahesabu samaki waliokuwapo. Meli yao ilimjeruhi mtoto wa nyangumi, na papa walipokuja kumla, mabaharia wakawaua papa hao kwa hasira. Sisi tunaoujua uvuvi wa baruti na madhara yake katika mwambao huu hatuwezi kulifunika jambo hilo. Mtu aliyekuja kuwa sauti ya kutetea bahari alianza kwa kuiharibu.

Tofauti ni kwamba alibadilika, na akabadilika hadharani. Mwaka 1957 alifanywa mkurugenzi wa jumba la bahari la Monaco, lenye akwaria mashuhuri, akakaa hapo hadi 1988. Mwaka 1960 serikali yake ilipotaka kutupa taka za nyuklia katika Mediterania, alipaza sauti pamoja na wakazi wa pwani hadi mpango ukasimamishwa. Mwaka 1963 alijenga nyumba chini ya maji huko Sha'ab Rumi, pwani ya Sudan, na wanaume watano wakaishi humo mwezi mzima. Vipindi vyake vya televisheni vikaingia katika nyumba za watu duniani kote, na mwaka 1973 akaanzisha shirika la kutetea bahari.

Hata akwaria yake ilitoa funzo chungu. Mwaka 1984, chini kabisa ya kuta za jumba lile la Monaco, lilionekana baharini pande dogo la mwani wa kigeni uliokuwa ukifugwa katika matangi kwa ajili ya mapambo. Jumba lilikataa kubeba lawama, lakini wanasayansi wengi wanaona ulitokea humo. Ukasambaa, ukafunika sehemu kubwa za sakafu ya bahari ya Mediterania. Wahenga walituambia kuwa maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kumbe na maji ya tangi yana njia yake ya kufika baharini.

Nyumbani alipata misiba. Mwaka 1979 mwanawe Philippe alikufa katika ajali ya ndege ya majini huko Ureno. Simone, aliyeishi melini kuliko mwingine yeyote, alifariki 1990. Januari 1996 Calypso iligongwa na tishari bandarini Singapore ikazama. Tarehe 25 Juni 1997 Cousteau naye akafariki Paris, akiwa na miaka 87, akazikwa mji aliozaliwa.

Kwa nini niwapelekee habari hii watu wa Thika na Ruiru? Kwa sababu hawahitaji kwenda Dubai ili waiguse bahari. Wanaigusa kila siku. Mto Thika, ukishapokea maji ya Chania, huenda kuungana na Tana, na Tana humwaga maji yake karibu na Kipini. Maji ya mto Ruiru huishia katika mto Athi, ule unaoporomoka pale Fourteen Falls, ambao ukishuka huitwa Galana, kisha Sabaki, na kuingia baharini kaskazini mwa Malindi. Mvua ikinyesha bara, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Tope hilo huyafikia matumbawe ya hifadhi ya Malindi, ambayo pamoja na ya Watamu imelindwa kisheria tangu 1968. Sheria inamzuia mvuvi wa hapa kutega wavu humo, lakini haina mkono wa kuzuia tope, povu na plastiki kutoka juu.

Shule zikifungwa, mabasi na treni huleta watoto kutoka Thika na Ruiru kuja kuiona bahari. Wengi hupandishwa mashua za vioo kutazama samaki. Waongozaji wetu wa Malindi huwatajia majina ya samaki na kupokea ahsante. Naomba wawaongezee jambo moja: wawaelekeze Sabaki ulipo, wawaambie kuwa yale maji mekundu yalipita nyuma ya nyumba zao.